Tumenunua kilima Goba, barabara zipite wapi? Jibu refu kwa dada mweka hazina

Swali lenyewe kwa kifupi kwa ambao hawakuliona. Dada mmoja ni mweka hazina wa kikundi cha watu 23, wamechanga hela miaka kadhaa wakanunua ekari 5 kule Goba, Dar es Salaam, juu eneo limepakana na barabara ya mtaa na chini linaishia kwenye korongo. Kutoka juu mpaka chini ni kama mita 130, upana kama mita 155, na sarveya kawaambia tofauti ya urefu ni mita 20. Kawachorea barabara tatu zilizonyooka zinazoshuka moja kwa moja mpaka korongoni, viwanja 27, yaani 23 vya wanachama na 4 vya kuuza ili ipatikane hela ya greda. Nusu ya kikundi wanataka kusaini, nusu wanasita. Anauliza mchoro huo una shida gani, je wakisawazisha eneo lote kwanza ndo wagawane si itakuwa rahisi zaidi, na wafanyeje na mwanachama mmoja anayeng'ang'ania apewe kiwanja cha chini kabisa pembeni ya korongo.

Dada yangu, msisaini bado.

Sarveya wenu sio mtu mbaya, amefanya kile ambacho wengi hapa mjini wanafanya, kachukua mchoro wa eneo tambarare kaulaza juu ya kilima. Kigamboni mchoro huo ungekaa vizuri tu. Kwenu haukai, na shida iko kwenye alichoanza nacho: ameanza kukata viwanja, kwenye nafasi iliyobaki kapitisha barabara, na maji hakuyapa chochote. Kwenye mteremko inatakiwa iwe kinyume chake kabisa, maji yapewe njia yao kwanza, alafu watu wanaotembea kwa miguu, alafu magari, na viwanja vikatwe kwenye kinachobaki. Karibu kila nitakachokwambia hapa chini kinatokana na hilo.

Tuanze na hesabu maana ndo itakayokusaidia kwenye kikao. Mita 20 kwa mita 130 ni mteremko wa asilimia 15 na kidogo. Barabara ikinyooka kutoka juu mpaka chini haina ujanja, na yenyewe itakuwa na asilimia 15 hiyohiyo. Barabara ya mtaa ikiwa ya lami au zege mimi navumilia asilimia 10, kipande kifupi hata 12, ila nyinyi kwa kuanzia mtaweka moramu, yaani udongo wa changarawe, na moramu juu ya udongo wa kichanga ikishapita asilimia 5 au 6 inaanza kuondoka na mvua. Kwenye 15 hata masika moja haimalizi. Maji yakikuta njia iliyonyooka yanashuka huku yanaongeza kasi, na kasi ikiwa mara mbili nguvu ya kukwangua udongo inakuwa kama mara nne, kwa hiyo barabara inachimbika zaidi huko chini kuliko juu, na mwisho wa siku hizo barabara zenu tatu zitakuwa mitaro mitatu mikubwa inayopeleka maji yote korongoni kwa fujo.

Haya sio mambo ya kufikirika, nenda Kimara tu. Morogoro Road imepita juu, mitaa inashuka pande zote mbili, ingia kwenye hizo njia za ndani zilizonyooka kushuka bondeni uone. Utakuta geti la mtu liko juu ya barabara mita nzima maana barabara imeliwa, bomba la maji linaning'inia hewani, watu wamepanga viroba vya mchanga na vifusi vya matofali, na kila mwaka mwezi wa nne wanachangishana tena kumwaga kifusi palepale. Inaniuma kweli kwa sababu wale watu sio kwamba hawajali, wanatoa hela kila mwaka, ila wanapigana na mchoro mbovu na mchoro mbovu hauchoki.

Sasa mnatakiwa mjue na udongo wenu. Vilima vya Dar, kuanzia Pugu, Kinyerezi, Kimara, Goba mpaka Salasala, kwa sehemu kubwa ni mchanga ulioshikana na mfinyanzi, sio mwamba. Pugu mnajua kuna ule udongo mweupe wa kaolini, basi huo ni ndugu wa mambo haya haya. Ukiwa mkavu udongo huu unasimama vizuri sana, unaweza ukachimba ukuta wima wa mita mbili ukasimama miezi, fundi akakwambia "huu udongo mgumu bosi, hauhitaji kuta". Ukilowa ni habari nyingine. Maji yanazama kwenye mchanga, yanakutana na tabaka la mfinyanzi, yanashindwa kuendelea kushuka, yanaanza kutembea pembeni juu ya lile tabaka, na udongo wa juu unakosa mshiko. Hapo ndo unasikia ukuta wa fulani umeanguka usiku. Ndo maana huwa siwaelewi wanaosema mbona Mwanza watu wamejenga milimani na nyumba zimesimama. Mwanza wamekaa juu ya mawe, shida yao kubwa ni kupandisha maji, kupandisha mgonjwa, kupitisha barabara kati ya majabali, na hatari ya jiwe kubwa kuachia. Msingi wa mtu wa Mabatini unaweza ukakaa juu ya jabali. Wako utakaa juu ya mchanga, na mchanga ukiondoka na msingi unaufuata.

Alafu kuna kitu ambacho watu wakiwa wanaangalia shamba lenye mikorosho na nyasi hawakioni. Leo mvua ikinyesha pale kwenu sehemu kubwa inanywewa na ardhi. Mkishajenga hainywewi tena. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 50, ambayo Dar kwenye masika ni mvua ya siku moja tu, linatoa lita 7,500. Zidisha kwa nyumba 23 unapata lita 172,500, hapo sijaweka pevingi bloku za uani wala barabara. Hayo maji yote yanataka kushuka ndani ya saa moja au mbili, na kwa mchoro wa sarveya wenu kila mtu atayatoa kwa bomba nje ya fensi yake yamwangukie wa chini, wa chini atajenga fensi ngumu kuyazuia, yatajaa nyuma ya fensi, fensi itaanguka, kesi itaenda serikali ya mtaa. Mnaopakana leo mnaelewana, mnachanga pamoja, mnafurahi. Maji yasiyo na njia yatawagombanisha.

Kwa hiyo mnafanyaje. Kitu cha kwanza, kabla ya mchoro wowote, mwambieni sarveya awape ramani ya kontua ya eneo lenu, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, ya kila nusu mita au angalau kila mita moja. Hiyo ni kazi ya kawaida kwake, vipimo vya urefu tayari anavyo kama kweli kapima hiyo mita 20. Kwenye hiyo ramani mtaona vijibonde viwili vitatu ambavyo kwa macho hamvioni vizuri kwa sababu ya nyasi, ndo maji yanapita humo siku zote. Hivyo vijibonde msiviguse. Kila kimoja kiachiwe ukanda wa mita 4 hadi 6 kutoka juu mpaka chini, usiwe wa mtu, uwe wa wote, na uandikwe hivyo kwenye mchoro. Ndani yake mnajenga mfereji wa mawe wenye vidaraja vya ngazi ngazi, yaani maji yashuke kwa kudondoka kidogo kidogo, kila sehemu yakipumzika kwenye kibwawa cha mawe kabla ya kudondoka tena. Maji yakidondoka nusu mita juu ya jiwe hayana madhara. Yakikimbia mita 130 bila kusimama yana madhara.

Juu kabisa, pale mnapopakana na barabara ya mtaa, chimbeni mtaro wa kukinga unaokata kilima kwa upana, ili maji ya huko juu ya watu wengine yasiingie kwenu hovyo, yaelekezwe kwenye zile njia mlizoziacha. Mtaro huu watu huwa wanausahau kwa sababu uko nje ya viwanja vyao, na ni wa bei ndogo kuliko vyote.

Barabara sasa. Badala ya tatu za kushuka, wekeni mbili za kulala, zinazofuata kontua. Ya kwanza ipite kama mita 35 kutoka juu, ya pili kama mita 95. Zikiwa zinafuata kontua mteremko wake mnaweza mkaupanga wenyewe, asilimia 2 au 3 tu, inatosha maji yasituame na haitoshi kuyapa kasi. Kuziunganisha mnapitisha barabara moja ya mshazari. Kati ya barabara ya juu na ya chini kuna mita 60, sawa na kushuka mita 9 na kidogo, mkitaka mteremko usizidi asilimia 9 mnahitaji urefu wa kama mita 103, na nyinyi upana wa eneo mnao mita 155, kwa hiyo inaingia. Kutoka getini mpaka barabara ya kwanza ni kushuka mita 5 na nusu hivi, mnahitaji mita 60 za mshazari, nazo zinaingia. Hicho kipande cha mshazari ndo mkipe zege au lami mapema hata kwa kukopa, hizo mbili za kulala zinaweza zikakaa na moramu miaka kadhaa bila shida. Kwenye kona acheni nafasi ya kutosha, gari la zimamoto na tipa la mchanga vigeuke. Bajaji yenye mama mjamzito nayo ipande bila abiria wengine kushuka kusukuma.

Mkipanga hivyo viwanja vinapangana vizuri vyenyewe, kila barabara ina nyumba upande wa juu na nyumba upande wa chini, kina kama mita 25, na katikati pale viwanja vinapopeana migongo mnaacha uchochoro wa mita 3 wenye mtaro. Maji ya nyumba za juu yanaishia kwenye mtaro wa uchochoro, hayaingii kwa jirani, yanatembea pembeni taratibu mpaka kwenye ule ukanda wa mawe. Huo uchochoro kuna watu watataka kuumega kuongezea kiwanja. Msikubali hata inchi.

Na watu wa miguu wapewe ngazi zao. Hili naomba mlichukulie kwa uzito maana huwa linaachwa kana kwamba ni pambo. Mtoto anayetoka nyumba ya chini kwenda shule hatazunguka barabara ya mshazari, atakata moja kwa moja, na akikata yeye na wenzake kila siku wametengeneza njia, mvua ikija njia ni korongo jipya. Basi wapeni hiyo njia ikiwa ni ngazi. Kushuka mita 20 kwa ngazi za sentimita 16 ni ngazi 125, upana mita 2, kanyagio sentimita 30 hadi 35, kila baada ya ngazi 10 au 12 kuwe na sehemu bapa ya kupumzika, bomba la kushikilia upande mmoja kwa ajili ya wazee, taa, na pembeni yake ndo ule mfereji wa mawe. Yaani ngazi na mfereji vinakaa ukanda mmoja, hela ya mawe inatumika mara moja. Wenzetu wa Medellín kule Colombia wana mitaa milimani iliyojengwa na watu wenyewe bila mpango, mji ukaja kuwawekea magari ya kamba mwaka 2004 na ngazi za umeme za nje mwaka 2011 kwenye eneo la Comuna 13, na Hong Kong wana ngazi za umeme za mtaani tangu 1993 zenye urefu wa kama mita 800. Sisemi mfanye hivyo. Nachosema ni kwamba miji yenye vilima kwelikweli imekubali kwamba ngazi ni barabara, inasafishwa na kuwekwa taa kama barabara nyingine. Mwenye goti bovu yeye ana barabara ya mshazari, na viwanja vya karibu na barabara ya juu wapeni wazee wenu kwanza, hata kama mnapiga kura kwa namba.

Swali lako la pili, la greda. Naelewa hamu yake, greda linapita siku mbili eneo linaonekana safi kama uwanja wa mpira, kila mtu anapiga picha. Lakini fikiria hesabu, kulisawazisha eneo lenu lote mnatakiwa mkate mpaka mita 10 huko juu na mjaze mpaka mita 10 huko chini, hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 50,000 za udongo, tipa la mita za ujazo 10 lingeenda safari 5,000. Hamtafanya hivyo, mtakachofanya ni kukwangua. Na kukwangua ndo kubaya zaidi, mnaondoa nyasi na ile ngozi ya juu yenye mizizi, mnausukumia udongo ukingoni mwa korongo ukakae pale umelegea, alafu mnasubiri mvua.

Udongo uliosukumwa bila kushindiliwa ni kitu cha kuogopa. Hong Kong tarehe 18 Juni 1972, baada ya mvua za siku kadhaa, kilima cha kifusi pale Sau Mau Ping kiliporomoka kikaua watu 71, na siku hiyohiyo upande mwingine wa jiji, Po Shan Road, mteremko ukaangusha jengo, watu 67 wakafa. Mwaka 1976 Sau Mau Ping kifusi kikaporomoka tena. Ndipo mwaka 1977 wakaanzisha ofisi ya serikali ya kukagua miteremko tu, na tangu hapo hukati wala hujazi kilima bila mtu wa udongo kuangalia hesabu zako. Wale hawakufa kwa sababu kilima ni kibaya. Walikufa kwa sababu ya udongo uliomwagwa ukaachwa umelegea, maji yakaingia ukageuka uji. Na hata usipoporomoka, udongo wa kujazwa ni kama sukari kwenye kopo, inaonekana imejaa, ukigonga inashuka. Nyumba ikikaa nusu kwenye udongo uliokatwa na nusu kwenye uliojazwa, ile nusu ya kujazwa itashuka na ufa utapita katikati ya sebule. Kama lazima mjaze, jazeni kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20, mwagilia, shindilia, ndo tabaka lingine. Na ndani ya eneo la barabara tu.

Kwa hiyo greda lije kwa ajili ya barabara, sio viwanja. Mikorosho na miembe iliyopo ambayo haiko katikati ya barabara au nyumba iacheni, mizizi yake inafanya kazi ya bure. Kila sehemu itakayobaki wazi pandeni vetiva, aina ya nyasi ndefu, kwa mistari ya kufuata kontua, mizizi yake inashuka wima mita 2 hata 3, haisambai kuingia kwenye misingi.

Kila mtu akiwa kwenye kiwanja chake afanye hivi, na hili liandikwe kwenye makubaliano ya kikundi kabisa. Nyumba ilale kufuata kontua. Nyumba ya mita 15 kwa 8, ukiilaza vizuri ule upande wa mita 8 ndo unaoshuka na kilima, tofauti ya mita 1.2, msingi wa ngazi unamaliza kazi. Ukiigeuza, mita 15 zikashuka na kilima, tofauti ni mita 2.3, hapo hela yako ya kupaulia imeishia chini ya ardhi. Mwenye uwezo agawe nyumba levo mbili, sebule juu vyumba chini kwa ngazi nane tu, ni nyumba nzuri sana hizi zikifanywa vizuri, upepo unapita kila chumba.

Kuta za kuzuia udongo nazo. Tofali za inchi 6 hazizuii udongo, naomba hii muisome mara mbili, nimeona kuta hizo zimeanguka juu ya vyumba vya watoto. Udongo ukipanda urefu mara mbili msukumo wake unakuwa mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta inakuwa mara nane. Ukuta wa mita 1 anauweza fundi mzuri, wa mita 2 unataka injinia. Jengeni mifupi miwili iliyoachana badala ya mmoja mrefu. Wa mawe kitako chake kiwe kama nusu ya urefu wake au zaidi kidogo, nyuma yake jaza kokoto, na acha matundu ya bomba la inchi 2 kila mita moja na nusu ili maji yatoke. Ukuta mwingi Dar hauangushwi na udongo, unaangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea nyuma yake. Magabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, pia ni mazuri kwa sababu yenyewe yanapitisha maji.

Choo, haraka haraka. Karo la mtu wa juu likinyonya vizuri, kile linachonyonya kitatokea kwenye ukuta wa mtu wa chini, hamna muujiza. Nyinyi mna bahati ya mteremko, laini moja ndogo ya pamoja ikipita kwenye ule uchochoro wa nyuma inashusha majitaka yote yenyewe bila pampu mpaka sehemu moja ya kuyasafisha. Brazil walianza kuwekea mitaa ya watu wa kawaida laini ndogo za namna hii miaka ya 1980. Tengeni eneo lake sasa, mbali na korongo, hata kama mtajenga baada ya miaka mitano. Maji safi mteremko huohuo unawasaidia, tanki la pamoja juu na presha inajileta, ndo maana hata matanki makubwa ya jiji yako Kimara na kilimani Chuo Kikuu.

Sasa mwanachama wenu wa korongoni. Mwambieni kwa upole lakini msimpe. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ardhi yenye mteremko unaozidi kiwango atakachotangaza waziri, kuwa inaweza kuwekwa kwenye kundi la ardhi ya hatari, na Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazo hizo mita 60. Yeye atasema hilo sio mto ni korongo tu, linakauka. Basi kabla ya kubishana nendeni Manispaa ya Ubungo kwa afisa mipango miji, na watu wa Bonde la Wami/Ruvu ndo wanaohusika na mito ya Dar, wawaambie kwa maandishi hapo hesabu inaanzia wapi. Majibu hayo mnayahitaji kabla mchoro haujapelekwa manispaa kupitishwa, maana bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zikishawekwa ndani ya eneo la mto mtakuwa mmejiuzia kesi.

Ila hata sheria ingekuwa haipo ningekwambia hivyohivyo. Korongo halikai pale lilipo, linakula kuelekea juu kila msimu, na huko chini mteremko wenu lazima ni mkali zaidi ya ile wastani ya asilimia 15. Desemba 3 mwaka 2023 kule Katesh tope na mawe kutoka Mlima Hanang' vilishuka kwa kufuata njia za maji vikaua watu zaidi ya 80. Goba sio Hanang', kilima chenu ni kidogo na siwatishi kwa hilo. Lakini mwaka 2017, Agosti 14, Freetown mji wa Sierra Leone walipoteza zaidi ya watu 1,000 kwa kilima kilichokatwa miti na kujengwa mpaka kwenye njia za maji, na hao walikuwa watu wa mjini kama sisi, waliokosa pa kujenga kama sisi. Na sisi wenyewe hapa Dar, Desemba 2011 tulizika watu zaidi ya 40 kwa mafuriko, baadhi ya waliobaki wakahamishiwa Mabwepande. Wale wengi walikuwa bondeni, Jangwani na kwingineko, wakipokea maji na mchanga wa walioko juu. Mto Msimbazi unaanzia huko vilimani Kisarawe na Pugu unakuja kumwagika baharini pale daraja la Salender, kila kilima kinachokwanguliwa njiani kinachangia mchanga unaoujaza. Mkiwa juu mna wajibu kwa walioko chini, hata kama hamtawaona.

Kwa hiyo ukanda wa chini, hapo pembeni ya korongo, uwe wa miti ya kikundi. Mianzi, vetiva, miembe, watoto wacheze sehemu ile isiyo kali.

Najua sasa unawaza viwanja 27 vimeenda wapi. Tupige hesabu. Ekari 5 ni kama mita za mraba 20,200. Viwanja 23 vya mita za mraba 500 ni 11,500. Zinabaki kama 8,700, hizo ndo barabara mbili na ule mshazari, njia za maji, ngazi, uchochoro, eneo la majitaka na ukanda wa miti. Zinatosha lakini hazibaki, vile viwanja 4 vya kuuza havipo. Hapo ndo kikao kitakuwa kigumu na mimi nakuombea, maana hela ya vile viwanja vinne mnaiona, lakini hela ya kumwaga kifusi kila mwaka miaka 20 hamuioni. Wapendekezee hivi, kila mmoja aongeze mchango wa kazi ya maji tu, mfereji wa mawe na mtaro wa juu, hivyo viwili vikamilike kabla ya nyumba ya kwanza. Barabara ya zege na taa vitakuja polepole. Na yule wa korongoni, kama majibu ya manispaa yataruhusu, apewe kiwanja cha mwisho upande wa chini wa barabara ya pili, mandhari atayaona yote kutoka hapo na hamna atakayejenga mbele yake kwa sababu mbele yake ni miti.

Mchoro mpya mkishaupata, kabla ya kupeleka manispaa, shikeni kamba na vigingi mkauchore chini kwenye eneo lenyewe, mkae siku ya mvua mkaangalie maji yanapita wapi kweli. Kazi ya udongo msiianze Januari au Februari hata kontrakta akiwapa punguzo, masika itawakuta mmefumua kila kitu. Anzeni Juni ardhi ikiwa bado ina unyevu wa kushindilia, na mpaka vuli inaingia mwezi wa kumi mtaro wa juu uwe umekwisha na vetiva imeshashika.